Kukereza mbao uani kwako: toka gogo la mwembe mpaka kigoda cha miguu mitatu

Wakuu, maswali ya kukereza, yaani kuchonga mti kwa patasi huku mashine ikiuzungusha, ni yaleyale. Nianze na mashine gani, mbao gani, mbona patasi inaruka, mbona mguu umepasuka wakati juzi ulikuwa mzuri. Basi naandika yote mara moja, mwenzako akiuliza mrushie hii. Nimelenga mtu wa Mwanza au yeyote wa huku kandokando ya ziwa, mwenye uani hata kama ni mdogo, umeme wa kawaida wa nyumbani na jioni kadhaa za bure. Walioko Sengerema au Ukerewe mambo ni hayohayo, tofauti ni safari ya kufuata beringi mjini tu.

Bakuli hatuanzi nalo. Najua ndo mnalolitaka wote, mmeona video, mtu anakereza bakuli kama anamenya chungwa, lakini bakuli nyuzi zake zinalala kukatiza, kwa hiyo kila mzunguko mmoja patasi inakutana na ncha za nyuzi mara mbili, na mkono ambao haujazoea ndo unapokamatwa hapo. Tunaanza na mguu wa kigoda, nyuzi zimenyooka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Na kigoda chenyewe kiwe cha miguu mitatu kwa sababu viwanja vyetu tunavijua, mawe na miteremko. Miguu mitatu haichezi popote utakapokiweka. Minne ni ya watu wenye sakafu ya marumaru.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa mti

Mashine kwanza. Kama una hela nunua ndogo iliyo tayari, umemaliza. Kama huna, fundi wa kuchomelea anakutengenezea: engo mbili za mita moja na robo zilizolazwa sambamba na nafasi katikati, kichwa cha mbele chenye shafti ya inchi moja na beringi mbili zenye miguu, mbele ya shafti anaweka meno manne ya kushika mti na jino moja la ncha katikati yake, na kichwa cha nyuma ambacho ni boliti nene iliyochongwa ncha, inapita kwenye nati iliyochomelewa ili uwe unakaza. Katikati ya vichwa hivyo kunakaa egemeo, kile chuma cha kulalishia patasi mbele ya mti, nalo liwe la kusogezwa na kufungwa. Kichwa cha nyuma lazima kiteleze na kufungwa popote. Ncha ya nyuma na jino la katikati la mbele zikutane sawasawa, hapo usimwonee fundi haya, sogeza mpaka ncha zibusiane mbele ya macho yako ndo ulipe.

Mota nusu hadi farasi moja inatosha. Soma kibati chake. Inayotakiwa ni ya mizunguko 1,400 na kitu kwa dakika. Mota nyingi za pampu ya maji ni 2,800 na kitu, hizo kwa mtu anayeanza ni balaa. Puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye shafti inakupa kama 720, huo ndo mwendo wa kuanzia. Ukiweka puli za ngazi mbili unahamisha mkanda ukitaka kama 1,440 ya kumalizia. Waya wa ethi ufungwe kweli, sio kukatwa na kufichwa ndani ya plagi.

Halafu:

- patasi tatu: moja pana yenye umbo la mfereji ya kuondolea magamba, moja nyembamba ya mfereji ya kutengenezea mabonde, na moja nyembamba iliyonyooka ya kukatia mikato ya kipimo. Zile bapa zenye makali ya mshazari ziache kwa sasa, ni tamu ila zina hasira
- grainda ya mezani au hata jiwe la kunolea, pamoja na kopo la maji
- shoka dogo au panga zito, msumeno, futi, bikari au kamba na penseli
- drili, biti ya mbao ya milimita 25
- msasa namba 80, 120, 180 na 240
- miwani ya kazi, na barakoa ya vumbi

Patasi ukikosa za dukani, muhunzi anakufulia kutoka kwenye springi bapa za gari, chuma hicho kinashika makali. Nondo usijaribu, haina kaboni ya kutosha, unanoa saa nzima inakata dakika moja. Na tupa kuukuu ndo kabisa, ni ngumu lakini inavunjika kama kigae, ikikamatwa na mti kipande kinakuja usoni. Watu wanaendelea kuzitumia kwa sababu hazijawavunjikia bado.

Kuhusu mti. Usinunue mninga wa kujifunzia, ni dhambi. Tafuta mbichi ya bure. Huku Buhongwa, Kisesa, Igoma watu wanajenga kila siku na wanakata miembe, mipera na mijohoro, wanachotaka wao ni kiwanja kisafi. Mpera ni mtamu mno kukereza, mgumu na laini usoni kwa wakati mmoja. Mwembe unakubali ila weupe wake, yaani ile sehemu ya nje inayozunguka moyo wa mti, unaliwa na wadudu upesi. Mjohoro una moyo mweusi mzuri ila vumbi lake ni kali, barakoa lazima. Mkaratusi unapinda na kupasuka, uache uwe nguzo. Na mbao za mitumbwi mikuukuu pale mialoni, zinavutia kweli, lakini zimejaa misumari na pamba ya kuzibia, msumari mmoja unamaliza makali yote na unaweza kurusha kipande.

Kwa nini mbichi? Inakatika kwa urahisi, maranda yanatoka marefu kama utepe, vumbi hakuna, patasi inakaa na makali. Kukauka kunakuja baadaye na tutakutumia kama faida.

Mavazi, kabla ya hatua ya kwanza

Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko. Glavu hapana, kitu kinachozunguka kinaivuta glavu na mkono uliomo. Mkufu, tai, kamba ya hudi, rasta ndefu, vyote vifungwe au vivuliwe. Dada zangu, kanga iliyofungwa kiunoni inaning'inia, vaa suruali au funga aproni ya nyuma. Watoto wakae upande ambao mti hauwezi kurukia, yaani sio mbele na sio nyuma yako, wakae pembeni kule mwisho wa mashine.

Na hili la umeme wetu: ukikatika katikati ya kazi, zima swichi palepale na uchomoe. Ukirudi wakati umeshika mti unapima, mashine inaamka yenyewe.

Hatua zenyewe

1. Kata gogo urefu wa sentimita 50. Kigoda kitakuwa na kimo cha 40 hivi, hizo zingine ni za kukatwa mwisho mahali meno yalipouma.

2. Lipasue kwa shoka na kabari, usilichane kwa msumeno. Ukipasua, ufa unafuata nyuzi, kwa hiyo kila kipande kinatoka na nyuzi zilizonyooka na mguu hautavunjika mtu mnene akikaa. Kile kiini cha katikati kabisa ya mti kiondoe, mguu wenye kiini ndani lazima upasuke, hauna mjadala. Pasua vipande vinne japo unahitaji vitatu.

3. Chonga kila kipande kwa panga mpaka kiwe na pande nane takribani, unene kama sentimita 7. Watu wanaruka hatua hii kwa uvivu halafu mashine inatembea uani nzima. Dakika kumi za panga zinakuokolea nusu saa ya kutetemeka.

4. Tafuta katikati kwa kuchora mistari miwili ya kukatizana kila kichwa. Piga alama kwa msumari, upande wa meno uchimbe mfereji mdogo wa msalaba kwa msumeno ili meno yashike.

5. Funga mti. Kaza kichwa cha nyuma, zungusha kwa mkono, kaza tena. Mti mbichi unalegea, kwa hiyo kila dakika chache zima na ukaze tena. Tone la mafuta ya kupikia kwenye ncha ya nyuma kama haizunguki na mti, la sivyo inatoa moshi.

6. Weka egemeo. Hii ndo sehemu ambayo asilimia kubwa ya matatizo mnayoniuliza yanaanzia, kwa hiyo nenda taratibu. Egemeo liwe milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye mti, sio zaidi, na kimo chake karibu na katikati ya mti. Zungusha mti kwa mkono mzunguko mzima uhakikishe haugusi. Jinsi mti unavyopungua unene nafasi inaongezeka, na nafasi ikiongezeka patasi inapata nguvu ya kukuinua mkono, basi zima, sogeza, zungusha kwa mkono, washa. Usisogeze mashine ikiwa inazunguka hata kama unaona ni kidogo tu. Kimo cha mashine yote nacho: katikati ya mti iwe usawa wa kiwiko chako ukiwa umesimama. Ikiwa chini mgongo utakukumbusha usiku.

7. Simama pembeni, washa kwa mwendo mdogo, subiri sekunde chache. Mti ukitaka kuruka utaruka sasa hivi. Ukitulia, karibu.

8. Ondoa magamba. Lalisha patasi pana juu ya egemeo kwanza, KABLA haijagusa mti. Mkono mmoja uwe mwisho wa mpini, mpini ushikwe karibu na nyonga, mwingine uwe juu ya egemeo unaelekeza tu. Sasa gusa mti kwa ule mgongo ulionolewa nyuma ya makali, usikie unasugua bila kukata, halafu inua mpini polepole mpaka makali yaanze kuuma. Mgongo kwanza, makali baadaye, kila mara, hata ukiwa umezoea. Anza karibu na mwisho wa upande wa kichwa cha nyuma, ukitoka ndani kwenda nje, kisha rudi nyuma kidogokidogo. Ukianza kutoka nje kuingia ndani unachokonoa nyuzi na kipande kirefu kinapasuka. Mlio utabadilika, ile kelele ya kugongagonga inakuwa mvumo mmoja, ujue mti umekuwa duara.

9. Leta umbo. Weka alama kwa penseli mti ukizunguka: wapi panene, wapi pembamba. Kata mikato ya kipimo kwa ile patasi nyembamba iliyonyooka, mpaka unene unaotaka, halafu unganisha mikato kwa mfereji mdogo. Daima toka kwenye unene kwenda kwenye wembamba, teremka, usipande. Kwa mguu wa kwanza fanya umbo la kawaida tu, katikati sentimita 5, chini 3. Acha mapambo ya shanga shanga. Unene upime kwa kipande cha plaiwudi kilichokatwa pengo la kipimo, mashine ikiwa imezimwa.

10. Ulimi wa juu, yaani ile sehemu itakayoingia kwenye kikalio, uache mnene: milimita 29 hadi 30 badala ya 25, urefu sentimita 6. Utapungua ukikauka, na utapungua kwa umbo la yai, sio duara.

11. Kausha ulimi. Sufuria kuukuu, mchanga wa ziwa uliokauka, jiko la mkaa lenye moto mdogo. Chomeka ndimi tu kwenye mchanga wa moto, miguu iliyobaki ibaki nje na unyevu wake. Mti usibadilike rangi kuwa kahawia. Pima unene leo jioni na kesho, ukiacha kupungua umekauka. Kisha rudisha kwenye mashine, umalizie ulimi uwe 25 kamili, uingie kwenye tundu la kujaribia kwa kupigwa na nyundo ya mti, sio kwa kusukumwa na kidole.

12. Msasa. Ondoa egemeo kabisa kwanza. Kunja msasa mara tatu, ushike kwa vidole chini ya mti, usiuzungushie kidole wala kitambaa. Mbichi inajaza msasa, kwa hiyo subiri mguu ukauke kivulini siku kadhaa, halafu 80, 120, 180, 240. Usiruke namba, mikwaruzo ya 80 haitoki kwa 240 hata ukisali.

13. Kata ncha zote mbili kwa msumeno wa mkono baada ya kutoa mti kwenye mashine. Kukatia mpaka mwisho ikiwa inazunguka kati ya ncha mbili, mti unabana patasi na kuruka.

14. Kikalio. Ubao wa unene wa sentimita 5, bado una unyevu kidogo, duara la kipenyo cha sentimita 30. Sasa unaona ujanja: ulimi mkavu unaingia kwenye tundu lenye unyevu, kikalio kikikauka kinaubana ulimi. Ukifanya kinyume, ndimi zitalegea ndani ya mwezi. Kugawa sehemu tatu, chora duara la nusu kipenyo sentimita 10, tembeza bikari hiyohiyo juu ya duara, utapata alama sita, chukua moja ruka moja.

15. Toboa kwa kuinamisha drili ili mguu utoke nje. Kipimo rahisi: kila sentimita 30 za kwenda chini mguu usogee nje sentimita 6. Kata kadibodi ya pembe hiyo, isimamishe kando ya biti. Nyayo za miguu zitatokea nje kidogo ya ukingo wa kikalio, hapo hakianguki ovyo, ila mtu akikaa ukingoni kabisa katikati ya miguu miwili kinaweza kupinduka.

16. Chana mkato kwenye kichwa cha kila ulimi, gonga mguu ndani, kisha piga kabari nyembamba kutoka juu. Kabari ikatize nyuzi za kikalio. Ukiipiga kufuata nyuzi unapasua kikalio chote mbele ya shemeji yako. Kata kinachozidi, sawazisha kwa patasi.

17. Miguu haichezi lakini kikalio kinaweza kuwa kimeinama. Weka kigoda kwenye sakafu iliyonyooka, chomeka vibanzi mpaka juu pawe sawa, shikilia penseli juu ya kipande cha ubao na uzungushe kila mguu, kata kwenye mstari.

18. Mafuta. Vitu vya jikoni, mwiko na kadhalika, mafuta ya alizeti yaliyoyeyushwa na nta ya nyuki yanatosha ila utarudia mara kwa mara. Kigoda cha uani kipake mafuta ya kitani au vanishi ya nje. Matambara yenye mafuta ya kitani yatandaze yakauke nje au yaloweke kwenye maji, usiyafinyange ukayatupa kwenye ndoo, yanapata joto yenyewe na kuwaka. Oili chafu ya gari watu wanapaka kuzuia mchwa, mi siipendi kwenye kitu cha kukalia, inaingia kwenye nguo na ngozi. Afadhali kila mguu uukalishe juu ya jiwe bapa, mawe hatujawahi kukosa mji huu.

Maranda yote yanaenda banda la kuku, isipokuwa ya mbao zilizotiwa dawa au rangi.

Mambo yakigoma

*Patasi inakamata na kuruka.* Egemeo liko mbali, au umeanza na makali badala ya mgongo, au butu. Anza kukagua kwa mpangilio huohuo.

*Inatoa unga badala ya utepe, na mti unanuka kuungua.* Butu. Nenda kwenye grainda, pembe kama digrii 45, chovya maji kila sekunde chache. Ncha ikigeuka bluu ugumu umeisha hapo, saga mpaka uvuke bluu. Kunoa sio adhabu, unanoa mara tatu nne kwa mguu mmoja wa mti mgumu na hiyo ni kawaida kabisa.

*Mashine inatembea.* Mti haujachongwa vizuri, au meza ni nyepesi. Panga mawe kwenye rafu ya chini ya meza, kadiri unavyoweza kubeba.

*Mti unasimama mota inaendelea.* Mkanda umelegea, au meno yamechimba shimo na hayashiki tena. Kaza nyuma. Kama shimo limekuwa kubwa geuza mti, meno yashike upande wa pili.

*Mguu umepasuka baada ya siku mbili.* Una kiini ndani, au umeuacha juani. Kiangazi cha Juni hadi Agosti upepo wa ziwa unakausha haraka kuliko unavyodhani, paka vichwa vya mti rangi iliyobaki au nta, weka kivulini mbali na upepo. Magogo ambayo hujayapasua nayo yapake siku hiyohiyo.

*Nyuso zinatoka zimenyofoka.* Unapanda badala ya kuteremka. Geuza upande wa kukata.

*Unga mwembamba unadondoka kwenye kigoda na kuna vitundu.* Wadudu wameingia kwenye weupe wa mti. Cha nje kinatibika kwa dawa ya mbao, soma maelekezo ya kopo. Miguu ya baadaye tengeneza kwa moyo wa mti tu.

*Jirani analalamika kelele.* Weka vipande vya mpira wa tairi chini ya miguu ya meza na chini ya mota, kelele inapungua sana. Na saa mbili usiku zima, hata kama mguu umebaki kidogo.